Ushauri: Kulala kwenye hema msituni Flagstaff, na mama watoto amekulia Nyarugusu

Baba_Riziki
Ndugu zangu, habari za jioni. Naomba ushauri kwa mliozoea huku Arizona.

Tangu tufike Phoenix 2016 hatujawahi kulala nje. Sasa watoto wangu wawili, wa miaka 8 na 6, wamesikia wenzao shuleni wakisimulia hema, moto na nyota, wameshikia bango: baba, na sisi twende. Kazini kuna mzee ameniambia nisihangaike na sehemu za kulipia. Nipande Flagstaff, nichepuke kwenye barabara ya vumbi ya msitu, nitafute uwazi chini ya misonobari nilale bure, hakuna wa kuniuliza.

Hapo kwenye "hakuna wa kuniuliza" ndipo ninapokwama. Mtu mweusi, gari limeegeshwa porini usiku, watoto ndani. Akija askari namwonesha karatasi gani?

La pili ndilo zito. Mke wangu aliingia Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania, akiwa na miaka 5, akatoka ana 24. Nikitamka kambi, uso wake unabadilika. Jana kaniambia: "Turubai nimelalia utoto wangu wote, leo tuchome mafuta ya gari nikalale tena kwenye turubai?" Nimekosa jibu. Kule hata kwenda kutafuta kuni ilikuwa hofu kwa wanawake. Sitaki kumlazimisha, na roho inaniuma watoto wakikosa. Gari ni Toyota Sienna ya 2011, la familia, liko chini. Niambieni ukweli.

Mpare_wa_Flag
Karibu mkuu. Niko Flagstaff mwaka wa tisa. Huyo mzee kakuambia kweli ila hakumaliza.

Msitu wa Taifa wa Coconino ni ardhi ya umma chini ya Shirika la Misitu la Marekani. Kulala nje ya sehemu rasmi kunaruhusiwa, bila ada na bila kibali, mwisho siku 14 ndani ya siku 30. Kwa hiyo hakuna karatasi ya kulala ambayo askari wa msitu atakudai. Anachotazama ni gari umeliegesha wapi, moto uko vipi na takataka ziko wapi. Ila usichanganye msitu wa taifa na hifadhi ya taifa. Ndani ya Grand Canyon huwezi kujilalia kando ya barabara. Na kuna ardhi ya dhamana ya jimbo, hiyo inataka kibali hata kama inafanana na msitu kwa kila kitu.

Kabla hujatoka nyumbani pakua ramani ya Coconino inayoonesha barabara zilizoruhusiwa magari. Ni bure, na huko mtandao wa simu hukatika, kwa hiyo iwe tayari ndani ya simu. Barabara isiyokuwemo humo ihesabu imefungwa, hata ukiona alama za matairi mabichi. Nyingi unaruhusiwa kutoka pembeni futi 30 tu, kama mita 9. Zile zilizowekewa vidoti kandokando kwenye ramani ndizo gari linaingia hadi futi 300. Wengi huandikiwa faini hapa, wanafuata uwazi mzuri bila kupima. Chagua mahali palipokwisha kulaliwa na watu, usivunje majani mapya.

Vibao vya namba za barabara navyo vinasema. Namba ikiwa imelala, gari la kawaida linapita. Ikiwa imesimama wima, hiyo ni ya gari lililoinuka juu ya ardhi, usiipeleke Sienna, hasa sasa Agosti na mvua hizi za radi za mchana. Tope la huku linanata kama ugali mbichi.

Mama_Furaha
Shemeji, naomba niseme la mke wako. Simjui, ila namjua. Mimi nilikaa Nyarugusu miaka 12.

Kwanza acha hilo neno kambi. Mwambie tunakwenda msituni. Pili, usimpangie. Mpe ramani achague yeye, na akisema saa nne usiku turudi, mnarudi, bila kununa. Kule kambini ili utoke nje ulihitaji kibali, unakumbuka. Safari yangu ya kwanza msituni nililala kwenye gari, mlango wazi, watoto na baba yao kwenye hema hatua tatu kutoka nilipo. Kilichonituliza ni ufunguo wa gari. Niliulalia mkononi. Kila nilipoamka niliugusa, nikajua nikitaka naondoka na hakuna wa kunisainia.

Mnunulieni godoro la kujaza upepo, msimlaze chini. Mablanketi mazito pia, maana Flagstaff iko mita 2,100 juu ya bahari, mtaiacha Phoenix na joto la 40 na mtaamka alfajiri pumzi zinatoa moshi. Na wapeleke mchana kwanza, mpike wali, mrudi. Msogezeni kwenye msonobari mkubwa wenye gome la rangi ya chungwa, jua likiwa limelipiga, aweke pua kwenye ufa wa gome. Linanukia vanila. Mimi nilisimama pale muda mrefu.

Dereva_I40
Mimi nasemea moto tu. Mvua za Julai zimenyesha lakini angalia tangazo la siku hiyohiyo. Katazo la moto la hatua ya kwanza (Stage 1) likiwepo, moto wa kuni huko vichakani ni marufuku, unapikia jiko la gesi lenye kifungo cha kuzimia.

Juni 2010 moto wa Schultz, kaskazini ya Flagstaff, ulianzia kwenye moto wa kambi ulioachwa. Ekari zaidi ya 15,000. Mwezi uliofuata mvua ikapiga mlima usio na majani tena, mafuriko yakashuka kwenye nyumba, yakamchukua msichana wa miaka 12. Mwaka 2011 ukaja Wallow, upande wa mashariki, ekari zaidi ya 538,000, nao ulianza hivyohivyo. Nyumba nyingi zilipona, lakini nikipita kule bado naona miti imesimama mikavu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, beba madumu mawili ya maji ambayo hayaguswi kwa kunywa wala kupika. Mwaga, koroga jivu kwa koleo, mwaga tena, kisha weka mgongo wa mkono. Ukisikia joto, hujamaliza. Usifukie kwa udongo, kaa hukaa chini likiwa hai. Afadhali ukose moto kabisa.

Baba_Riziki
Asanteni sana, nimesoma kwa sauti nyumbani. Mke wangu amemuuliza Mama Furaha jina la godoro. Choo je? Na mzee yule anasema wikiendi watu hulenga shabaha msituni. Mlio wa bunduki kwetu si jambo dogo, tulitoka Uvira, mashariki mwa Kongo.

Mpare_wa_Flag
Choo: koleo dogo, shimo la inchi 6 hadi 8, mbali na maji futi 200, na karatasi mnarudi nazo kwenye mfuko.

Bunduki ni kweli. Sheria inakataza kufyatua ndani ya yadi 150 za mahali watu wanapolala, lakini mlio unafika mbali. Ukiona maganda ya risasi na makopo yenye matundu, geuza gari. Nendeni katikati ya wiki kama unaweza kuomba ruhusa kazini. Jaribu upande wa barabara 171, mtapitisha watoto kwenye pango la Lava River. Wabebe majaketi na tochi tatu.

Baba_Riziki
Nimerudi na taarifa. Tulikwenda Jumanne. Hatukusikia bunduki. Saa tisa mchana ilinguruma radi, tukakaa garini wote nusu saa, watoto wakalia kidogo. Usiku mke wangu alilala garini mlango wazi, ufunguo mkononi, kama alivyoelekezwa. Mimi sikulala sana.

Alfajiri nilimkuta ameshaamka, amejifunga kitenge juu ya koti, amechuchumaa kwenye jivu la jana. Nilikuwa nimelizima usiku nikaridhika. Alimwaga dumu la pili lote, akakoroga, akaweka mgongo wa mkono, akaniita na mimi niweke wangu.