Nimeitwa MTALII WA BARAFU mbele ya familia, na aliyeniita hajawahi hata kuvaa viatu vya kutelezea!!

Wakuu, leo sina salamu. Nimetoka uwanja wa hoki ya barafu sasa hivi, jasho halijakauka.

Yule bwana mnamjua. Wabongo na Wakenya wote wa Edmonton, huku Kanada, mnamjua, simtaji nisije nikafungiwa. Yule wa daftari na chupa ya chai, anayekaa nyuma ya benchi letu kila Jumapili kuhesabu pointi za watu. Leo kafungua daftari, kasoma jina langu kwa sauti: "Mshambuliaji. Goli moja. Asisti hamna. Huyu ni mtalii wa barafu."

MTALII! Benchi zima likaanguka kicheko. Kipa wetu, mtu ambaye hajatabasamu tangu Oktoba kwa magoli anayokula, alicheka mpaka akavua helmeti. Mke wangu kacheka! Mwanangu akauliza, "Baba, kwani tumekuja kutalii?"

Sasa nauliza, kwenye lile daftari kuna sehemu ya kuandika napangwa na nani? Winga wangu wa kulia hajui kufunga breki, anasimama kwa kugonga ukuta. Wa kushoto ukimpa pasi anaiangalia paki (kile kisahani tunachopiga) inavyompita kama basi lisiloenda kwao. Refa akidondosha paki kuanzisha mchezo karibu na goli letu, kocha anaingiza sisi tukabe. Tukishaitoa tu, tunaitwa benchi, laini ya kwanza, wale washambuliaji wakali, inaingia kwenda kufunga. Tukiwa pungufu, mtu wetu katolewa kwa adhabu, mimi. Wenzetu wakiwa pungufu, mimi nagawa chupa za maji. Halafu nihesabiwe magoli!

Tazameni NHL, ligi kuu ya hoki. Zach Hyman akiwa Toronto hakuwahi kuvuka magoli 21 kwa msimu. Kaja hapa hapa Edmonton, kapangwa na nyota McDavid, 2023–24 katupia 54. Cheechoo wa San Jose kaletewa Thornton, fundi wa pasi, katikati ya msimu wa 2005–06, kamaliza na 56. Bob Gainey hakuwahi kufikisha 25, na ile tuzo ya Selke ya washambuliaji wanaokaba ilipoanza 1978 aliibeba mara nne mfululizo. Naye mtalii??

Mtalii. Mbele ya mtoto.

Mzee wa Baridi: Pole mkuu. Gainey alibeba Selke nne, wewe umebeba nini zaidi ya chupa za maji?

Binti Mtwara: 😂😂😂 Niko kazini mwenzenu, bosi ananiangalia. Kiingilio cha hifadhi ulilipa lakini?

Kipa Mstaafu: Hyman unamwonea. Yale magoli anayafunga puani kwa kipa huku anapigwa magongo ya mgongo. Wangapi wamepangwa na McDavid na hawajafika hata 30?

Mleta uzi: Kwa hiyo na wewe unasema mimi ni mtalii? Sema wazi.

Kipa Mstaafu: Mimi sijasema. Daftari limesema.

Winga wa Kulia: Nimeusoma huu uzi. Breki ninazo. Nagonga ukuta kwa sababu pasi zako zote zinaishia ukutani.

Mzee wa Baridi: 🍿🍿 Natia kambi hapa.

Nai Boy: Nyinyi mna barafu hadi mlangoni na bado mnalia. Sisi Nairobi tumejifunzia Panari, ndani ya hoteli, ka-uwanja kadogo, ukiteleza mara tatu umefika goli la pili. Na bado Ice Lions, timu yetu ya Kenya, 2018 walifika Kanada wakacheza na Crosby na MacKinnon, mastaa wa NHL.

Mleta uzi: SI NDIYO NASEMA! Walipewa Crosby! Mimi nani kanipa Crosby?

Nai Boy: Crosby naye ana haki zake, bro.

Mama Wawili: Mngejua mimi nalipia watoto wawili hoki mngenyamaza. Viatu, gongo, helmeti, ada, na mwaka ukigeuka miguu imekua, unaanza upya. Na mazoezi wamepangiwa saa kumi na mbili asubuhi, Januari.

Binti Mtwara: Mama Wawili afadhali wewe. Wangu ni kipa. Umeshaona bei ya pedi za kipa?

Mzee wa Baridi: Na ile harufu ya begi jamani. Mimi la kwangu linalala gereji.

Mama Wawili: Gereji? Langu hata gereji limefukuzwa.

Kipa Mstaafu: Nina pedi za mtoto, zimetumika msimu mmoja. Anayetaka aje PM.

Binti Mtwara: Bei ya mwisho?