Naomba ushauri: kusakinisha seva nyingi kupitia mtandao

Habari zenu wakuu. Niko Kampala, nahudumia seva za chuo kimoja, na nataka tuachane na kuzunguka na flashi mashine hadi mashine. DHCP (inayogawa anwani za IP) na TFTP (inayotuma faili za kuwashia) ziko tayari, PXE (mashine kuwaka kupitia mtandao badala ya diski) inawaka vizuri. Kinachonisumbua ni njia ya kufuata.

Kunakili imeji moja (nakala kamili ya mfumo uliokwisha sakinishwa) ya Ubuntu kwenye kila diski ni haraka, lakini lazima kwanza usafishe /etc/machine-id (kitambulisho cha kipekee cha mashine) na funguo za SSH za seva, la sivyo mashine mbili zinaweza kupewa anwani moja ya IP. Mimi napenda zaidi autoinstall (kisakinishi cha Ubuntu kufanya kazi chenyewe kwa kufuata faili la maelekezo): faili hilo la YAML linasomeka, na ukitaka kubadilisha kitu unagusa mstari mmoja tu. Shida ni kwamba kisakinishi hicho, kikiwaka kwa mtandao, hupakia ISO nzima (faili lote la usakinishaji) kwenye RAM, na seva zetu za zamani zina GB 4 tu.

Je, nihamie Debian na preseed (faili lake la majibu ya usakinishaji), kwa kuwa kisakinishi cha mtandao cha Debian ni chepesi? Na umeme ukikatika na kurudi, mnazuiaje PXE isianze kusakinisha upya seva iliyokwisha kamilika? Hili la pili ndilo linaloninyima usingizi, kwa sababu data za wanafunzi ziko humo.