Carl Schurz alichaguliwa na nani kuwa seneta?

Mdau wa Chumbageni:
Habari zenu wadau. Kikundi chetu cha kusoma hapa Tanga kinaandaa mada juu ya Carl Schurz, Mjerumani aliyehamia Marekani 1852 akawa wakili, mhariri na mwanasiasa. Nimeandika kwamba wananchi wa Missouri walimpigia kura akawa seneta, kisha Waziri wa Mambo ya Ndani, yaani mkuu wa polisi. Niko sawa? Na gazeti lilimsaidiaje?

Mzee Ngamiani:
Hapo pa kura parekebishe, mwanangu. Enzi zile maseneta walichaguliwa na bunge la jimbo. Wananchi walipewa kura hiyo kwa marekebisho ya 17 ya Katiba, 1913. Schurz alichaguliwa na bunge la Missouri Januari 1869, akaingia Machi, akakaa muhula mmoja wa miaka 6. Wa kuwashawishi walikuwa wabunge, na ndipo gazeti lilipofaa. Mwaka 1867 alikuwa ameingia ubia na Emil Preetorius katika Westliche Post, gazeti la Kijerumani la St. Louis, mji wa Missouri. Mji ule ulijaa Wajerumani. Mbunge aliyezitaka kura zao angempuuzaje mhariri wao? Joseph Pulitzer, aliyekuja kuwa mmiliki maarufu wa magazeti, naye alianzia uandishi hapohapo, 1868.

Binti Pangani:
Cheo cha uwaziri (1877–1881, chini ya Rais Hayes) tafsiri inakuponza. Kwetu Mambo ya Ndani ni polisi, magereza, uhamiaji. Kwao ilikuwa ardhi ya umma, pensheni, hataza za wavumbuzi na mambo ya wenyeji asilia. Schurz alitaka watumishi waajiriwe kwa sifa, si kwa barua ya mwanasiasa, na hilo ni jema kweli. Lakini usiwaache Waponca, kabila la wenyeji asilia. Mwaka 1877 walihamishwa kwa nguvu kutoka Nebraska, wengi wakafa ugenini. Chifu wao, Standing Bear, akarudi kwa miguu na mifupa ya mwanawe, akamzike kwao. Schurz akaamuru akamatwe. Mei 1879 jaji wa Omaha akaamua kuwa mwenyeji asilia ni “mtu” mbele ya sheria, chifu akaachiwa.

Mzee Ngamiani:
Binti kasema kweli, hilo liwemo. Ukiorodhesha miaka, usichanganye Westliche Post na New York Evening Post. Hili la pili alilihariri 1881 hadi 1883, alipotoka uwaziri. Wakiuliza mbona hakuwania urais: alizaliwa Liblar, karibu na Cologne, 1829, na Katiba yao inataka raia wa kuzaliwa.