Mkapa aliuza mali ya umma, au aliokoa iliyobaki? Tupime kwa TPC, General Tyre na KIA

Mleta mada, Moshi
Wakuu, tangu Mzee Benjamin Mkapa atutoke Julai 2020, ubishi ni ule ule: mwanafunzi wa Mwalimu Nyerere aliyegeuka kuwa dalali wa mali ya umma. Mimi nakataa. Alipoingia Ikulu 1995 mfumuko wa bei ulikuwa asilimia 27 hivi na hazina haina kitu. Akaanza na makusanyo: mamlaka ya mapato TRA Julai 1996, VAT ya asilimia 20 Julai 1998. Pesa ikakauka mifukoni, watu wakaiita hali hiyo "ukapa". Lakini nidhamu hiyo ndiyo iliyotufikisha kwenye msamaha wa madeni Novemba 2001, na ada ya shilingi 2,000 shule ya msingi ikafutwa. Wanafunzi milioni 4.4 wa mwaka 2000 walifika milioni 7.5 mwaka 2005. Huo ni ujamaa wa mtu anayejua hesabu.

Na kuuza? Tazameni TPC, kiwanda cha sukari hapa Arusha Chini, Moshi. Iliuzwa mwaka 2000 kwa wawekezaji wa Mauritius, Serikali ikabaki na asilimia 25. Uzalishaji ulikuwa chini ya tani 40,000 za sukari. Sasa unapita 100,000.

Unga Limited, Arusha
TPC ni mfano mmoja, na unapendwa kwa sababu ulifaulu. NBC, benki ya taifa ya biashara, je? Mwalimu mwenyewe aliipinga hiyo biashara hadharani. Alifariki Oktoba 1999, mwaka uliofuata ABSA, benki ya Afrika Kusini, wakachukua asilimia 55. Na viwanda vingi vilivyouzwa viligeuzwa maghala. Mnunuzi alitaka kiwanja na jengo. Mashine zikauzwa kama chuma chakavu.

Njiro
Kwenye maghala nakubaliana nawe. Ila General Tyre, kiwanda cha tairi hapa kwetu Arusha, haikuuzwa. Serikali ilikuwa na asilimia 74, kampuni ya tairi ya Continental 26, na bado mitambo ilizimwa 2009. Tairi si bidhaa ya kubahatisha. Unahitaji mpira wa asili, mpira wa viwandani, kaboni nyeusi, nyuzi na nyaya, vingi vikitoka nje kwa dola. Kikikosekana kimoja, mstari mzima unasimama, huku boila lazima litoe mvuke wa kuokea tairi kwenye moldi. Mtaji wa kuendeshea ukikatika, unapoteza wateja kwa tairi za nje, na mteja aliyeondoka harudi upesi. Mkopo wa dola milioni 10 wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, haukukiokoa. Kumiliki hisa nyingi bila mtaji na usimamizi ni kumiliki kuta.

TPC walifanya kinyume. Muwa ukishakatwa unapoteza sukari kila saa unayochelewa, kwa hiyo ratiba ya kukata, kubeba na kusaga lazima ishikane. Wakaweka fedha kwenye umwagiliaji, maana mvua ya kule chini haitoshi, na mabaki ya miwa wanayachoma kupata mvuke na umeme.

Bomang'ombe
Mnasahau KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Ulikabidhiwa kampuni ya KADCO 1998 kwa mkataba wa miaka 25, Serikali ikiwa na hisa chache kwenye kampuni hiyo. Mwaka 2009 Serikali ikazinunua hisa zote. Kama ulikuwa mkataba mzuri, kwa nini tulilazimika kuununua tena? Hapo Mkapa ana deni la maelezo: alikabidhi kwanza, vyombo vya kusimamia vikaja nyuma.

Mleta mada, Moshi
Hilo nalipokea, ndilo kosa lake kubwa. Kasi ya kuuza iliipita kasi ya kusimamia. Lakini alijifunza akiwa madarakani. Linganisheni NBC na benki ya NMB, zote zilizaliwa na NBC moja iliyogawanywa 1997. Kwenye NMB, mwaka 2005, aliuza asilimia 49 tu. 2008 hisa zikaingia soko la Dar es Salaam, wananchi wakanunua, na Serikali bado inapokea gawio.

Anayesema NBC ya zamani ingeachwa nzima atueleze: mikopo chechefu (isiyolipika) ya mashirika na vyama vya ushirika ingelipwa na nani, na kwa kodi ipi?