NAS ya nyumbani ya bekapu: Synology ya diski mbili au desktopu ya zamani?

Nukta_7: Wakuu habari. Nataka NAS (boksi la diski linalokaa kwenye netiweki) ya kubekapia kompyuta za nyumbani, nipo njia panda kati ya Synology ya diski mbili, ambayo inakuja tayari, na desktopu yangu ya zamani niiwekee TrueNAS, mfumo wa kuigeuza kuwa NAS. Naagiza wiki hii, ipi?

MzeeWaWaya: Kompyuta ngapi? Data TB ngapi? Windows au Mac? Waya au waifai? Umekuja kwa fundi cherehani bila vipimo bwana.

sufuria_tupu: TrueNAS mkuu, wala usijiulize. ZFS, mfumo wake wa kuhifadhi faili, inakagua data yenyewe, ikikuta imeharibika na kuna nakala ya pili inarekebisha. Zile nyingine unalipia boksi tu.

Bi_Kibodi: Na umeme wa desktopu inayowaka saa 24 utamlipia wewe?

Nukta_7: Samahani, laptopu tatu, Windows mbili na Mac moja, kama TB 1.5 jumla, zote waifai. Nikiweka RAID 1, ile ya diski mbili zinazoigana, si ndo bekapu tayari?

MzeeWaWaya: Hapana hapana. Mimi nilikuwa na RAID 1 nikajiona nimemaliza, folda ya NAS inaonekana kwenye laptopu kama drive Z, siku hiyo mtu wa hapa nyumbani kafungua kiambatisho cha imeili, virusi vikaanza kufunga faili za laptopu vikahamia mpaka Z, nakuja kushtuka picha za miaka sita zote zimebadilika majina na hazifunguki, na diski ya pili hivyo hivyo maana kazi yake ni kuiga ya kwanza, hata upuuzi inaiga. Kilichoniokoa ni eksteno (diski ya nje) iliyokuwa kabatini haijachomekwa miezi minane. Ya hiyo miezi minane yalienda.

sufuria_tupu: Ungekuwa na snapshoti za ZFS (kumbukumbu za faili zilivyokuwa awali) ungerudi nyuma dakika mbili tu.

Bi_Kibodi: Synology yenye mfumo wa faili wa Btrfs nayo ina snapshoti, ila si kila modeli, asome kwanza.

chaji_imeisha: Mbona mnamsumbua, si achomeke eksteno kwenye ruta yaishe? Mi ndo natumia.

Bi_Kibodi: Ruta nyingi zina prosesa dhaifu. Waya wa gigabiti unakupa kama MB 110 kwa sekunde, TB 1.5 ni saa nne hivi, hiyo ya kwako itamaliza lini?

chaji_imeisha: Nalala, naamka, imemaliza.

MzeeWaWaya: Diski ziwe CMR (njia za data hazipandani), za SMR (zinapandana, kuandika upya ni polepole) siku umebadilisha diski mbovu na RAID inajijenga upya utaota mvi.

sufuria_tupu: Kwa bekapu za usiku SMR ina shida gani?

MzeeWaWaya: Nimesema kujenga upya, soma vizuri.

Nukta_7: Desktopu ina RAM GB 4, inatosha?

sufuria_tupu: GB 4?? Si ungesema toka mwanzo! TrueNAS inataka kuanzia 8. Basi weka OpenMediaVault, mfumo mwingine wa NAS ulio mwepesi.

Bi_Kibodi: 😂😂 "wala usijiulize"

MzeeWaWaya: Na mlango wake wa netiweki ni gigabiti au ule wa megabiti 100?

Nukta_7: Ngoja nikaifungue nione