Tupeane uzoefu: waliotembea juu ya daraja la reli la Kinzua, Pennsylvania

Dotto_Erie: Nimeona picha ya jamaa kasimama mwisho kabisa kwenye sakafu ya kioo, pale daraja lilipokatika baada ya kimbunga kuangusha sehemu yake, moyo ukanipasuka upya. Wa Marekani mlioshafika leteni stori.

MamaJunior: Ngoja niseme mimi, maana mama mkwe hadi leo hataki kusikia habari za daraja. Tulienda Oktoba, majani mekundu bonde zima, tukatembea vizuri tu katikati ya zile reli za zamani, tukafika kwenye sakafu ya kioo. Mama akachungulia akaona mita 69 za hewa tupu na yale mavyuma yaliyoanguka yamelala huko chini, miguu ikagoma. Kang'ang'ania ukingo, anasali kwa sauti, upepo nao ukaanza, watu nyuma wanataka kupita, namwita hata hanisikii. Akaja mzee mmoja tusiyemjua, akampa mkono, akamwonyesha kwa ishara aangalie kofia yake tu, wakarudi hatua moja moja mpaka nje ya kioo. Mama akakaa palepale kwenye reli akalia. Na mimi nikalia.

Neema_K: Jamani pole, mpaka mwili umesisimka.

ChumaKigumu: Pole dada. Ila walitakiwa walijenge lote, kuacha mabaki bondeni miaka yote hii ni uzembe.

MtotoWaReli: Uzembe wapi kaka? Kimbunga cha Julai 2003 kiliangusha minara 11 kati ya 20 iliyobeba daraja, boliti za kuishikilia chini zilikuwa za tangu 1882 zimeliwa na kutu, hata walipolijenga upya kwa feleji 1900 waliziacha zilezile. Mabaki yale ndiyo yanafundisha.

ChumaKigumu: Si walijua! Treni walizizuia 2002, wangewahi.

MtotoWaReli: Mafundi walishaanza kazi ya kulikarabati, kimbunga kikawawahi. Soma kwanza.

Neema_K: Mbona mnamsahau mama wa watu? MamaJunior, mama mkwe anaendeleaje?

MamaJunior: Mzima, ila ghorofani hapandi.

Babu_Salim: Dawa ni kutoangalia chini.

Dotto_Erie: Babu shikamoo, mimi naona uangalie chini mara moja kwa nguvu, uzoee.

Zuu: Nendeni siku ya kazi, wikiendi za Oktoba panajaa. Kiingilio hakuna. Mwenye mtoto kwenye kigari juu anapita vizuri, njia ya kushuka bondeni asijaribu, mteremko ni mkali, vaeni raba.