Mafundi baisikeli wanaikataa baisikeli yangu ya umeme, nianzie wapi?

mkaa_kisauni
Salamu wenzangu. Nina baisikeli ya inchi 26 niliyoifunga mota ya nyuma mwenyewe: volti 48, wati 1000, ile kubwa isiyo na gia ndani. Betri ni ya seli 13 mfululizo. Hapa Mombasa, kuanzia Kongowea hadi Mwembe Tayari, fundi akiona waya tu ananielekeza kwa fundi wa umeme, na fundi wa umeme anasema magurudumu si kazi yake. Shida ni tatu: pancha ya nyuma, spoki mbili zimekatika, na gurudumu la nyuma limekuwa zito kulizungusha hata betri ikiwa imezimwa.

spana_18
Fundi haogopi kazi, anaogopa kulipishwa mota. Mpelekee anachokijua: gurudumu peke yake, huku betri, chaja na kontrola (kile kisanduku kinachoongoza umeme wa mota) vimebaki nyumbani.

Kulitoa si vigumu. Chomoa betri kwanza. Piga picha pande zote mbili za ekseli, maana mpangilio wa washa (zile pete za chuma chini ya nati) ndio unaowapoteza watu. Kata vifungo vya plastiki vinavyoshika waya kwenye fremu, chomoa plagi ya mota, kisha fungua nati; nyingi ni spana namba 18 au 19, chache 21. Kipande cha chuma kinachozuia ekseli isizunguke kitoe mwisho.

Kwa pancha tupu huna haja ya kutoa gurudumu. Laza baisikeli ubavu, toa ukingo wa tairi upande usio na waya, vuta tyubu nje, tafuta tundu, ziba. Usimruhusu aipindue miguu juu kama anavyopindua nyingine zote: uzito wote utalalia skrini na mkono wa kuongezea moto, na hivyo huvunjika mara moja. Akishikilia kuipindua, weka vipande viwili vya mbao chini ya usukani.

Kurudisha: waya utokee kwa chini, uning'inie kitanzi kidogo kabla ya kupanda, maji ya mvua yadondoke pale badala ya kufuata waya hadi ndani ya mota. Washa yenye jino, jino liingie kwenye mdomo wa fremu, ule mwanya unaoshika ekseli. Nati kaza sawasawa, niutoni-mita 40 hadi 50, na uzijaribu tena baada ya safari ya kwanza.

njiti_moja
Spoki zimekatika wapi? Hilo ndilo swali. Zikikatikia kichwani, kwenye kitovu (katikati ya gurudumu, kwako ni mota yenyewe), zilikuwa zimelegea: kila mzunguko zinalegea na kuvutika hadi chuma kinachoka. Zikikatikia kwenye nyuzi, karibu na rimu, zinaingia rimu kwa kupinda. Mota ni pana, kwa hiyo spoki ni fupi, na ukizipishanisha mara tatu kama gurudumu la kawaida, yaani kila spoki ikatize nyingine tatu, lazima zipinde. Pishanisha mara moja tu.

Pima ile nzima, kuanzia ndani ya kona ya kichwa hadi ncha ya nyuzi, uende na kipimo kwa milimita. Usikubali fundi akupachikie za bodaboda. Ni nene mno, zitapasua rimu. Mimi napendelea geji 13 au 14 kuliko zile nene za geji 12 zinazokuja na mota, kwa sababu nyembamba huvutika kidogo na kubaki zimekaza. Tundu la kitovu likiwa kubwa, weka washa ndogo ya shaba chini ya kichwa.

spana_18
Hapo kwa geji 14 nakubali, ila rimu iwe ya kuta mbili. Ya ukuta mmoja utakuwa unainyoosha kila wiki.

kusi_kaskazi
Sheikh, uzito wa gurudumu ushughulikie kabla ya yote. Mota ya aina hiyo huvutavuta kidogo kwa sumaku, hiyo ni kawaida. Ikikaza kama imefungwa breki, nyaya mbili kati ya zile tatu nene zinazopeleka umeme kwenye mota zimegusana mahali. Chomoa plagi ya mota kwenye kontrola uzungushe. Likilegea, kontrola imeungua. Likibaki zito, shida iko kwenye mota au waya wake.

mkaa_kisauni
Nimechomoa, bado zito. Ekseli nayo naona imekwangua mdomo wa fremu.

kusi_kaskazi
Basi ekseli ilizunguka ikausokota waya pale unapoingilia. Usiwashe tena. Ndani ya waya huo kuna nyaya tano nyembamba za vihisi (vinavyoijulisha kontrola mota imezunguka hadi wapi), ya volti 5 ikiwa mojawapo. Ikigusana na nyaya nene, kontrola nayo inakwenda. Fundi wa kusuka mota za pampu anaweza kubadilisha waya: anafungua kifuniko cha pembeni, anafuata rangi zile zile, analehemu, anavalisha mpira wa joto (unaonywea ukipashwa moto) kila waya peke yake. Kabla hajafunika, mwambie akague kutu. Kwa hewa yetu ya chumvi sumaku hushika kutu upesi, na zikishavimba zinasugua. Ukirudisha, funga vyuma vya kushika ekseli pande zote mbili. Na fremu ikihitaji kuchomelewa, betri na kontrola zitoke kabisa kwanza.